Kilima Kilichokula Saa Nzima

Mzee Respisius tulimzika kijijini Bisibo siku ya Alhamisi, na mimi niliyekwenda kumlilia mkuu wangu wa kazi wa kwanza nilirudi nyumbani nina hasira na mtu mwingine kabisa. Mtu huyo ni mimi. Nimefundisha miaka mingi sasa, nina mvi ninazozificha kwa kilemba, nina walimu wadogo wanaonyamaza nikiingia ofisini, na sikutegemea kwamba sahani ya wali wa msibani ingenirudisha kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu na kunikalisha humo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mambo ya kwetu, nilizaliwa wapi na nani alinisomesha, mtanisamehe, hayana msaada wowote hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Biharamulo na cheti changu cha kompyuta ambacho wino haujakauka vizuri, na nimepelekwa kufundisha kwenye chuo kidogo cha kilimo huko Ngara, juu kwenye vilima, ambako asubuhi ukungu ulikuwa unaingia darasani bila kubisha hodi.

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya maharage kabla yangu, na maharage hayakukubali kuhama. Yalikuwa yamebaki kwenye nyufa za sakafu, na ukipindua kibodi ya kompyuta lazima lidondoke moja au mawili pamoja na vumbi lake. Nilikuta kompyuta sita, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile vya kuweka juu ya makochi, kazi ya mpishi wa chuo, Mama Domitila, aliyeamini kwamba kitu cha thamani kisichofunikwa kinaonekana kama hakina mwenyewe. Modemu niliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye nondo ya dirisha, maana ikikaa ndani haishiki mtandao. Ukuta wa pili ulikuwa jiko. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao tupu, kwa hiyo nilifundisha huku nikisikia ugali ukisongwa, na Mama Domitila alipika huku akijifunza kompyuta bila kutaka. Siku moja mwanafunzi aliniuliza namna ya kuhifadhi kazi, kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka jikoni: "Bonyeza pare pa kisanduku, wewe! Kira siku anasema!"

Mwaka ule simu za kugusa ndiyo zilikuwa zinaanza kuonekana mikononi mwa wanafunzi, na Mzee Respisius, mkuu wetu, akapata wazo. Badala ya kuandika ripoti ndefu ambazo wote walinakiliana, kila mwanafunzi angejirekodi video akimwelekeza mkulima halisi shambani kwake, na wasimamizi wa mitihani huko kanda wangeziangalia. Asiyewasilisha video hapati cheti. Wazo lilikuwa zuri, lakini video za wanafunzi arobaini utazipitisha wapi? Flashi zetu zilikuwa na virusi vya kila aina. Mkuu akanitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Madamu Adventina, si ndiyo haya uliyosomea? Watafutie pa kuziweka." Nikawafundisha. Nikawaambia kuna hifadhi ya mtandaoni, ichukulieni kama kabati, kila mtu na kabati lake na ufunguo wake. Ukishapandisha video yako humo, ifute kwenye simu ili upate nafasi, haitapotea tena hata simu ikidondoka kisimani. Niliyasema maneno hayo kwa kujiamini sana, na nimeyakumbuka mara nyingi kuliko nilivyotaka.

"Mmeelewa?" nikauliza. "Ndiyo, Madamu!" wakaitika wote arobaini kwa pamoja. Mwalimu mwenye akili hushtuka hapo hapo, kwa sababu wanafunzi arobaini hawawezi kuelewa kitu kimoja dakika moja. Mimi sikushtuka. Wiki tatu baadaye niligundua kwamba darasa zima linatumia kabati moja. Mwenyekiti wao, Projestasi, ndiye aliyelifungua, na ufunguo, yaani neno la siri, ulikuwa umeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa bweni la wavulana, na uleule nyuma ya mlango wa bweni la wasichana. Nikamwita. Alikuja ametulia, shati limechomekwa, akanipa shikamoo ya heshima zote ingawa alinizidi umri. "Madamu, sisi ni darasa moja," alisema. "Kila mtu na lake, ya nini? Hata bomba la kupulizia dawa tunalo moja, na halijawahi kugombewa." Nikamweleza kwamba bomba la dawa halijai. Akasema ameelewa. Nikachoka kabisa, nikasema nitalishughulikia Jumatatu, kisha Jumatatu nikawa na mambo mengine.

Projestasi alikuwa pia katibu wa kwaya. Kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo kumi na mbili kwenye sikukuu ya parokia, video ndefu za watu wanaopanda jukwaani na kushuka, na alipotaka kuziweka kwenye kabati la darasa akaambiwa limejaa. Akafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya akikuta ghala limejaa na mavuno mapya yako mlangoni: akatoa vya zamani. Alianza na video zilizokaa muda mrefu zaidi, akiamini kwamba zilizokaa muda mrefu wenyewe wameshamaliza kazi nazo. Nilipomuuliza kwa nini asiulize kwanza, alinishangaa. "Nilitangaza bwenini, Madamu. Hakuna aliyepinga." Alikuwa ametangaza bweni la wavulana.

Video ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Leokadia. Ndiye alikuwa wa kwanza kwenda shambani, wa kwanza kurekodi, wa kwanza kupandisha, na wa kwanza kunitii na kuifuta kwenye simu. Alikuwa msichana mwembamba wa Mabawe, mwenye kawaida ya kusimama mlangoni mpaka aambiwe aingie hata kama mlango uko wazi, na simu yake ya kugusa alikuwa ameipata muhula uleule. Bibi yake ndiye aliyemlea na ndiye aliyekuwa akimsomesha kwa migomba yake. Aliposikia video haipo hakulia. Aliuliza tu, "Madamu, ile uliyosema haipotei?" Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilisema kosa ni la darasa zima, nikafungua kabati jipya kwa jina langu, ambamo wao waliweza kuingiza kitu na hawakuweza kufuta, nikatangaza kwamba wote warekodi upya, mwisho ni Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, na kitakachoingia dakika moja baadaye sitakifungua. Nikaongeza sharti: kila video ianze na mwanafunzi kutaja jina lake, mahali alipo na saa. Nilikuwa nimechoka na ujanja, nilitaka kila kitu kiwe na ushahidi.

Siku ya Ijumaa nilikaa kwenye ile stoo ya maharage tangu mchana, nikitazama video zikiingia moja moja. Saa kumi na mbili zilikuwa thelathini na tisa. Nilisubiri nikiwa nimekunja mikono, na sitadanganya, nilikuwa nasubiri kwa hamu ya kumkamata mtu. Ya arobaini iliingia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Leokadia. Nikatengeneza folda nyingine pembeni, nikaiandika "Zilizochelewa", nikaitupia humo bila kuifungua, nikafunika kompyuta kwa kitambaa cha Mama Domitila na kwenda kula.

Jumatatu asubuhi nilimsimamisha mbele ya darasa. Nilitaka wengine wajifunze.

"Kwa nini ulichelewa?"

"Sikuchelewa, Madamu. Nilitoka kwa bibi saa kumi na nusu. Bondeni mtandao wetu haupatikani, inabidi kupanda kilima. Ni nusu saa. Nilipofika juu, simu ikaandika saa kumi na mbili, na video ikachukua dakika arobaini kuingia."

"Kilima cha nusu saa."

"Ndiyo, Madamu."

"Ukakipanda kwa saa moja na nusu."

"Hapana, Madamu. Nilikipanda kwa nusu saa."

"Basi hicho kilima kimekula saa nzima," nikasema. "Kimeshiba?"

Darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika, na mimi nikaacha wacheke. Leokadia alibaki amesimama, anatazama simu yake kama mtu anayemtazama shahidi aliyegeuka mahakamani. Tangu siku ile, kila aliyechelewa kipindi pale chuoni alisema amepitia kilima cha Leokadia. Hata mimi niliutumia utani huo mara mbili au tatu. 

Kesho yake nilikuwa jikoni nakunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Nyuma ya mbao, upande ule wa darasa, Mkuu na mtaaluma walikuwa wanakagua orodha ya kupeleka kanda. Nilimsikia mtaaluma, mama mmoja mpole, akisema, "Huyu wa Mabawe tungemwombea siku mbili. Video ipo, si kwamba haipo."  Kisha sauti ya Mzee Respisius: "Mwalimu wake amekataa. Kijana ana msimamo, yule. Tusimvunje moyo mwaka wake wa kwanza." Nilivimba kichwa. Nilikuwa mgeni, mdogo, mwanamke, kwenye chuo cha wanaume waliozoea kujibiwa ndiyo, na sasa neno langu limekuwa ndilo la mwisho. Nikamwomba Mama Domitila andazi la pili. Alinipa, akanitazama, akarudi kwenye maharage yake.

Leokadia aliambiwa arudie mwaka. Alikuja kuniaga mlangoni, akasimama palepale, na safari hii sikumwambia aingie. "Bibi hana mwaka mwingine wa kunipa, Madamu," alisema. Nikamwambia maisha ni kujipanga. Naam, nilimwambia hivyo.

Mwisho wa mwaka ule mwalimu mwenzangu alimwoza dada yake huko Mabawe na sote tukaalikwa. Sherehe ilikuwa bondeni, migomba pande zote, maturubai yamefungwa kwenye miti, na pilau ilikuwa bado iko jikoni wakati wazee wa pande mbili wanabishana kwa Kihangaza ambacho sikukielewa vizuri. Simu yangu ikatetemeka kwenye pochi. Ujumbe wa mtandao wa nchi ya jirani unanikaribisha na kunitakia safari njema. Nikacheka, nikataka kumwonyesha niliyekaa naye, ndipo nikaona saa. Nilikuwa nimeitazama muda mfupi uliopita, tukiwa bado juu barabarani, ilikuwa saa nane na nusu. Sasa ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Kwa wenzetu ng'ambo ya mpaka saa ziko nyuma yetu kwa saa nzima, na simu ile ilikuwa imevuka mpaka peke yake, imefuata saa za huko, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya Tanzania. Sikula pilau. Nilitoka kwenye turubai, nikaanza kupanda kilima na viatu vyangu vya sherehe, na nilipofika juu mtandao wetu ukarudi. Saa ikaruka kwenda mbele nikiitazama. Kilima kilikuwa kimeimeza saa nzima, kama nilivyoambiwa na mtu aliyekuwa anasema kweli tupu.

Nilirudi chuoni nikaenda moja kwa moja jikoni. "Mama Domitila, kule Mabawe simu zinarudisha saa nyuma?"

"Zinarudi," alisema, anachambua maharage. "Bondeni kure, hizi za kugusa. Kira mtu wa mpakani anajua. Wenye simu mpya ndio wanashangaa."

"Mbona hamkuniambia siku zile?"

"Hukuuriza, mwarimu. Uriuriza kama kirima kimeshiba."

Nilikwenda kwa Mkuu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mzee Respisius alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema matokeo yameshatoka, lakini rufaa ipo, naye angepigana. "Ila niletee kitu cha kushika, Madamu. Kwamba simu ya binti yule, siku ile, saa ile, ilisoma vibaya. Siwezi kupeleka kanda hadithi ya kilima." Nikasema sina kitu. Nilisema kwa uhakika uleule wa siku zote. Akafunga faili, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba nisijitese. Folda ya "Zilizochelewa" ilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha pili, hatua ishirini kutoka mezani kwake. Sikuifungua kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaifungua, na baadaye sikuifungua kwa sababu ya aibu. Lakini pia sikuifuta. Nimehama vituo vitatu, nimebadilisha simu sijui ngapi, nimefuta picha za harusi yangu mwenyewe kupata nafasi, na ile folda yenye kitu kimoja nimeihamisha kila mara kutoka kabati hadi kabati.

Na sasa Bisibo, msibani. Nilikuwa nimepewa wali wangu na kipande cha nyama, natafuta pa kukaa, nikaona mwanamke mnene kidogo, kitenge kimefungwa kwa ustadi, amesimama pembeni ya jamvi anasubiri aambiwe akae. Nilimtambua kwa kusimama huko. "Shikamoo, Madamu," alisema. Nikaitika marahaba. Tulikaa. Alisema yuko Kirushya, ana kitalu cha miche ya migomba, wakulima wanatoka mbali kuja kwake, na mabwana shamba wenye vyeti huwa wanampigia simu kumuuliza mambo. Alisema bila majivuno na bila kinyongo. Mzee Respisius alikuwa akinunua miche kwake, ndiyo maana amekuja. Bibi yake alifariki miaka mingi iliyopita. Kisha akacheka kidogo, akanionyesha simu yake. "Saa siku hizi naiweka mwenyewe kwa mkono."

Nilianza kuomba msamaha, nikaishia katikati. Nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikatoa simu, nikafungua kabati langu, nikamwonyesha: "Zilizochelewa", na ndani yake jina lake. Alishusha sahani chini polepole.

"Bado unayo?"

"Sijawahi kuifungua," nikasema.

Tulisubiri, mtandao wa Bisibo nao una mwendo wake, kile kiduara kinazunguka na kuzunguka huku nyuma yetu kwaya ya parokia inaimba. Kisha shamba likatokea, na migomba, na Leokadia wa miaka ile, shingo nyembamba, anapaza sauti kwa sababu bibi aliyesimama kando yake hakuwa anasikia vizuri. "Naitwa Leokadia, niko Mabawe, ni saa tisa kamili alasiri." Kabla hajamaliza kuvuta pumzi, redio ya jirani, nyuma ya migomba, ikapiga milio yake ya saa, na mtangazaji akasema waziwazi, kwa sauti ya kitaifa kabisa, kwamba ni saa kumi kamili kwa saa za Afrika Mashariki. Video ikaendelea. Leokadia akamwonyesha bibi namna ya kuondoa ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya panga, ili ugonjwa wa mnyauko usihamie kwenye mgomba mwingine, na bibi akakitazama kile kijiti, akamtazama mjukuu wake, akacheka cheko la watu wasio na meno mengi, akamwambia kwa Kihangaza kitu ambacho sikukielewa.

"Anasema nini?" nikauliza, kwa sababu sikuweza kuuliza lingine.

"Anasema nikimaliza kumfundisha kilimo nikae nile, sitoki kwake na njaa." Alikuwa anatazama kioo cha simu. Akasema, bila kunigeukia, "Miaka yote hii nilijua uliiangalia, Madamu. Nilijua uliiangalia ukaona haifai."

 Mkuu aliniomba kitu cha kushika, nami nilikuwa nimekishika mkononi miaka yote.

"Nitumie," alisema. Nikamtumia linki, nikikosea mara mbili kazi niliyoifundisha nusu ya maisha yangu. Simu yake ikalia kwenye pochi, lakini hakuitoa. Alikuwa bado ameinamia yangu.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Pale bibi anapocheka."

 Kila nilipojaribu kupalenga pale kwenye cheko, video ilirudi mpaka mwanzo kabisa, na redio ikasema tena ni saa kumi kamili.